Globu ya enaji seva imepasuka chumbani kwa mzazi, mtoto ana siku 12. Nifanye nini?

#1 Kijana_wa_Mkomani, saa 3:40 usiku

Asalaam alaykum jamaa. Naandika haraka, mnisamehe makosa.

Sisi tuko Amu, yaani Lamu, mtaa wa Mkomani, nyumba ya mawe ya kale. Dada yangu amejifungua siku 12 zilizopita na kama ilivyo ada yuko ndani mpaka arubaini yake itimie. Wanaozijua nyumba hizi wanajua ndani ni wapi: chumba cha mwisho kabisa, hakina dirisha. Hewa inashuka kiwandani, ule ua wa ndani usio na paa, inapita msana wa tini, inapita msana wa yuu, vile vyumba virefu viwili vya mbele, ikifika kule imeshachoka.

Sasa hivi mdogo wetu alikuwa akikimbizana na mende kwa fimbo, akaipiga globu. Ni ile nyeupe ya kujisokota kama tambi. Ikapasuka vipande, ikamwagika juu ya mkeka, hatua mbili kutoka kitanda cha mzazi. Ami yangu anasema ndani ya globu mna sumu na nyumba ihamwe. Bibi anasema globu ni globu, zimepasuka ngapi. Mimi niko katikati na simu mkononi.

Nani anajua?

#2 MpitaNjia

Mtoe mtoto kwanza. Maswali baadaye.

#3 Mwalimu_Kemia, saa 3:52

Wa alaykum salaam. Nafundisha kemia shule ya upili, si daktari, lakini hili nalijua vizuri kwa sababu lilitokea kwangu.

Mzazi na mtoto wahamie chumba kingine, paka naye atolewe. Asiwepo mtu wa kupita juu ya vile vigae maana nyayo zitavitembeza nyumba nzima. Fungua milango yote mpaka kiwandani. Kwa chumba chenye dirisha wanasema uache dakika 10 mpaka 15 kabla ya kurudi kusafisha. Chumba chako hakina, kwa hivyo mimi ningengoja nusu saa. Kama mna feni iweke mlangoni ikitazama nje, isukume hewa itoke, na watu wasikae hapo inapotokea.

Usifagie. Ufagio unapasua zebaki, ndiyo sumu iliyomo ndani ya globu hizi, iwe vitone vidogo zaidi, na ule unga mweupe unaurusha hewani. Chukua vipande viwili vya kadibodi ngumu, kimoja kiwe mkono na kingine kiwe kizoleo. Vigae vidogo na unga vinase kwa selotepu. Mwisho pangusa sakafu kwa kitambaa cha kutupa, kikiwa kibichi. Vyote, pamoja na kitambaa na selotepu, vitie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, ile ya jemu inatosha. Vitabu vya wenzetu vinasema mfuko wa plastiki pia unafaa, lakini sisi mifuko tulipigwa marufuku 2017, basi chupa.

Mkeka utoe nje ukunjwe kwa ndani, usiukung'ute.

Na umwambie ami wako hivi: globu moja ina miligramu chache tu za zebaki, nyingi hazizidi 5. Ni kama kijitone cha kukaa kwenye ncha ya kalamu ya bolpeni. Kile kipimajoto cha kioo cha zamani, ambacho kila nyumba ilikuwa nacho, kilibeba kama miligramu 500. Nyumba haihamwi. Ila mtoto wa siku 12 anapumua haraka, ubongo wake ndio kwanza unajengwa, na mvuke wa zebaki ni mzito kuliko hewa, unapenda kukaa chini. Ndiyo maana yeye anatoka na wewe unabaki kusafisha.

#4 Kijana_wa_Mkomani

Mwalimu, shukran sana. Mzazi na mtoto wameshahamia msana wa yuu. Lakini bibi ameshafagia. Wakati naandika hapa, yeye alikuwa na ufagio. Na sasa ametia udi chetezoni anafukiza chumba, mlango kaufunga ili moshi usitoke.

#5 Mwalimu_Kemia

Bibi zetu Mungu awaweke.

Mlango ufunguliwe. Chetezo kitoke na makaa yake. Udi hauondoi zebaki, unaificha tu pua isiulize, na joto linaiharakisha kupanda kuwa mvuke. Ufagio ule usirudi kutumika ndani, ukaungane na mkeka huko nje. Kisha anza upya kama nilivyoeleza: nusu saa, kadibodi, selotepu, kitambaa kibichi. Kufagia kulikofanyika hakuharibu kila kitu, kumekuongezea tu eneo la kupangusa. Angalia na nyufa za sakafu.

Leo walale huko huko walikohamia. Kama mtu aliyekuwamo chumbani ataanza kukohoa au kubanwa na kifua, hospitali bila kungoja asubuhi. Sitarajii hilo kwa globu moja.

#6 Mzee_wa_Forodhani

Mnawatia watu hofu bure. Sisi shuleni zebaki tulikuwa tukiimwaga kiganjani, tukiikimbiza kwenye dawati kama gololi. Mpaka leo tuko, na watoto tumezaa.

#7 Mwalimu_Kemia

Mzee wangu, nakubaliana nawe nusu. Zebaki ya maji ukiigusa, ngozi haiichukui sana. Hata ukiimeza, nyingi inapita na kutoka. Ubaya wake ni kuivuta kama mvuke, siku nyingi, mahali pasipo hewa. Nyinyi mliichezea saa moja kwenye darasa lenye madirisha pande mbili.

Na kuna zebaki ya namna nyingine kabisa, ile iliyobadilika ikaingia kwenye samaki. Hiyo ndiyo iliyowavunja watu wa Minamata, Japani, wagonjwa wake wakatambuliwa rasmi 1956. Kiwanda kilikuwa kinamwaga uchafu wake baharini, wavuvi wakala samaki wa ghuba yao. Paka ndio walioanza kuyumba. Sisi ni watu wa samaki, na wa paka pia, kwa hivyo tusilicheke.

#8 FundiStima_Langoni, saa 5:10

Nimesoma yote. Mimi ni fundi wa stima, nimefunga na kufungua nyumba za hapa miaka 17. Nisikilizeni kidogo kwa sababu mnaogopa kitu kidogo na kikubwa mmekiacha kimening'inia darini.

Globu iliyopasuka unaiona na unaisafisha. Mimi ninayoiogopa ni ile nzima.

Mwezi uliopita niliitwa nyumba moja, taa ya jikoni juu, chini ya makuti. Mama anazungusha enaji seva aitoe, kioo na plastiki vikatoka mkononi mwake, kile kichwa cha bati kikabaki ndani ya holda na nyaya mbili zimechomoza. Swichi alikuwa ameizima, akajua yuko salama. Nikapima kwa testa: laivu! Aliyefunga ile nyumba aliikata nyutro, waya unaorudisha umeme, kwenye swichi badala ya kuikata laivu, waya unaouleta. Taa inazimika, lakini umeme umefika mpaka holdani na umekaa pale unakungoja. Angekuwa ameingiza kidole au koleo, volti 240 za mkono mzima.

Kosa hili lipo nyumba nyingi sana. Mkitaka kulishuku bila testa, tazameni globu zenu za LED usiku. Ukizima swichi na globu ikabaki inang'aa kwa mbali kama jicho la paka, huenda ni nyutro iliyokatwa badala ya laivu. Si lazima iwe hiyo, swichi zenye kitaa kidogo cha kuonyesha gizani nazo huleta hali hiyo, na nyaya ndefu zilizolala pamoja pia. Lakini muite fundi apime, na muulize kama ana leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Msiogope kumuuliza, mimi yangu iko mfukoni.

La pili ni joto. Ile plastiki nyeupe shingoni mwa enaji seva imebeba mtambo mdogo, choki ya kielektroniki: koili, transista, kapasita. Globu nzuri ikifikia kufa inaweza kunuka kidogo, shingo ikawa ya kahawia, ncha za kioo zikawa nyeusi, basi. Imekufa kifo chake. Plastiki yake imetengenezwa isishike moto. Kipimo cha kimataifa cha usalama wa globu hizi, IEC 60968, kinataka plastiki iguswe na waya uliopashwa mpaka nyuzi 650 na isiendelee kuwaka. Sasa ile ya bei ya kutupa, plastiki yake ni ya nini? Nimewahi kuikata moja kwa msumeno nikaone. Fyuzi hamna. Kapasita imebanana na koili mpaka imeanza kuvimba. Hiyo ndiyo unayoiweka shibiri moja chini ya makuti makavu ya kaskazi.

Watu wa Amu hawahitaji kufundishwa moto wa makuti. Vichochoro vyetu punda wawili hupishana kwa taabu.

La tatu ni chumvi. Hewa ya bahari inaila ile bati ya holda, mguso unakuwa mbovu, unatoa cheche ndogo ndogo na joto. Mwenye nyumba analaumu globu, ananunua nyingine, inakufa tena. Holda ndiyo mgonjwa. Ukiona imeota ukungu wa kijani, ibadilishe. Bei yake haifiki hata kilo ya mchele.

Na enaji seva msizifungie ndani ya kile kibakuli cha kioo kisichopitisha hewa, labda kama boksi lake limeandika inaruhusiwa. Inajipika yenyewe.

#9 Mshona_Kofia

Fundi umenitisha. Mimi nashona kofia za vito usiku, na taa yangu ni hiyo hiyo ya kujisokota, naivuta karibu kabisa ndipo nione tundu. Kama shibiri moja kutoka usoni, wakati mwingine chini ya hapo. Kwa muda wa saa tatu nne. Uso unaniwasha na macho yananichoma. Kuna uhusiano au ni uzee?

#10 Mwalimu_Kemia

Dada, kuna jambo hapo. Ndani ya globu hizi zebaki hutoa mwanga wa urujuanimno, usioonekana, na ule unga mweupe kwenye kioo ndio unaougeuza kuwa mwanga tunaouona. Kidogo hupenya. Oktoba 2008 wakala wa afya wa Uingereza aliwashauri watu wasikae karibu na globu za kioo kitupu chini ya sentimita 30 kwa zaidi ya saa moja kwa siku. Sentimita 30 ni kama rula ya shule. Wewe uko ndani ya rula, na unapitisha saa moja mara tatu.

Zile zilizofunikwa kwa kioo cha pili, zenye umbo la globu ya zamani, hazina tatizo hilo. LED haina kabisa zebaki. Ningekuwa wewe ningeweka LED ya wati 9 nzuri juu kidogo, nyuma ya bega la kushoto. Kuwasha kwa macho kunaweza pia kuwa ni kule kukazia tundu la sindano, daktari wa macho akuone.

#11 Duka_la_Kona

Mimi nauza globu. Nimewasikia mkisema ya bei ya kutupa, na najua mnanitazama mimi.

Ukija dukani nina ya shilingi 100 na nina ya 250. Naweka zote mbili mezani. Kumi wakija, tisa wanashika ya 100. Nikiondoa ya 100 wanakwenda duka la pili. Mimi si mtaalamu wa kupasua globu kwa msumeno kama fundi, nanunua kwa jumla Mombasa, boksi zima, limefungwa, lina kibandiko, risiti mara ipo mara haipo. Inapanda lori mpaka Mokowe, inavuka kwa boti, inafika kwangu. Nitajuaje?

#12 Bi_Barani, Malindi

Kaka wa duka, kujua kunawezekana, usijitoe hivyo.

Bidhaa iliyotengenezwa hapa nchini inatakiwa iwe na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, na chini yake nambari ya kibali. Andika SM#, kisha nambari ile, tuma kwenda 20023. Unarudishiwa jina la kampuni na bidhaa iliyopewa kibali. Zilizotoka nje ni kibandiko cha ISM, na hizo zinatakiwa ziwe zimekaguliwa huko huko zilikotoka kabla ya kupakiwa melini.

Mimi baada ya globu mbili kufa wiki moja nilijaribu. Nikatuma nambari iliyoandikwa kwenye boksi. Jibu likaja: kibali kipo, hakijaisha, ni cha sabuni. Globu yangu ina kibali cha sabuni! Nilicheka mpaka mume wangu akauliza kuna nini. Nikairudisha dukani, mwenye duka akaniambia, "Bi, si inawaka lakini?"

Alama ikikopiwa kwenye boksi haisemi chochote. Nambari ndiyo inayosema.

#13 FundiStima_Langoni

Kibali cha sabuni. Hiyo naiweka moyoni.

Nyongeza: boksi la kweli litakuandikia volti (240 au 220 mpaka 240), wati, lumeni (kiasi cha mwanga), na muda wa maisha. La feki linapenda kuandika "sawa na wati 100" kwa herufi kubwa kuliko jina lake. Fanyeni hesabu nyepesi. Globu ya zamani ya wati 60 ilitoa mwanga wa lumeni kama 700 hivi. Enaji seva huhitaji wati 12 mpaka 14 kufika hapo, LED 8 au 9. Kwa hivyo anayekuuzia LED ya wati 5 sawa na wati 100 anakuuzia hadithi.

#14 Duka_la_Kona

Sawa. Kesho nitazituma zote nambari nizione. Nikikuta za sabuni nitawaambia hapa hapa. Lakini fundi, wateja watarudi kwenye ya 100 tu.

#15 FundiStima_Langoni

Waambie kwa tokeni, ndiyo lugha tunayoielewa. Taa moja kwa saa 5 kila usiku: wati 60 inakula uniti 9 kwa mwezi. Enaji seva ya 14 inakula uniti 2 na kidogo. LED ya 9 haifiki uniti moja na nusu. Halafu ya 250 ikikaa miaka na ya 100 ikikaa wiki sita, nani kanunua ghali?

Tena waulize inakwenda wapi. Chooni, ambako inawashwa na kuzimwa mara ishirini kwa siku, enaji seva haidumu hata ikiwa nzuri. Kule weka LED.

#16 Mfuatilia_Sheria, Malindi, asubuhi

Nimeamka nimekuta kurasa mbili. Nilete upande wa sheria maana kuna jambo watu wengi hawalijui.

Globu hizi ziko njiani kuondoka duniani. Ulaya walianza kuziondoa zile za zamani za waya 2009, wakamaliza 2012, kila mtu akasukumwa kwenye enaji seva. Kisha Septemba 2021 enaji seva zenyewe nazo zikafungiwa soko huko huko Ulaya, kwa sababu LED imefika. Swali likawa: viwanda vilivyobaki vinazitengeneza vitamuuzia nani? Jibu mnalijua, mko nalo darini.

Kuna Mkataba wa Minamata, umepewa jina la mji ule ule aliousema Mwalimu, umeanza kufanya kazi Agosti 2017. Mwanzoni ulizuia tu globu ndogo zenye zebaki zaidi ya miligramu 5. Nchi za Afrika ndizo zilizosema hapana, hiyo haitoshi, hatutaki kuwa jaa la taa ambazo wengine wamezikataa. Zikapeleka pendekezo kwenye mkutano wa 2022, likakubaliwa kwa enaji seva hizi za nyumbani, za wati 30 kushuka chini: kwa nchi wanachama mwisho wa kuzitengeneza, kuziingiza na kuzitoa nje ni 2025. Mkutano wa 2023 ukaongeza tyubu ndefu, za mwisho zinaondoka 2027.

Hapa nyumbani kazi imegawanywa. KEBS anatazama kama globu ni salama. EPRA ana kanuni za 2016 za vifaa vinavyokula umeme, ndiko ziliko zile nyota za kwenye friji, na globu hizi zimo ndani ya kanuni hizo. NEMA, mamlaka ya mazingira, anasimamia taka.

Kusimamisha uingizaji hakuondoi zilizokwisha ingia. Ukiona enaji seva imeshuka bei ghafla sana, jiulize anayeiuza anakimbia nini.

#17 Duka_la_Kona

Ndiyo maana mwenye jumla alinibembeleza nichukue maboksi manne.

#18 Mwana_wa_Amu_wa_Kale

Wanangu, nimesoma yenu nimeteka kwa kicheko. Zamani hapa Amu ni kandili na karabai. Karabai lilipasuka kioo mtu akaungua mkono, na hakuna aliyeandika.

Lakini niwape kisa kimoya. Mwaka 2010 nlikuwa Mombasa kwa kijana wangu. Wakaya watu wa stima na globu mpiya, hizi za kuisokota, za bure. Sharti: utoe globu yako ya kale, wao wakupe mpiya. Ya kale wakaitukua, wakaitia kwenye boksi, wakenda nayo. Nikasema hawa watu wana adabu, hawaati taka nyumbani mwa mtu.

Sasa ile ya kale ilikuwa na nini ndani? Waya na kioo. Hii mpiya ndiyo yenye zebaki. Ikafa. Nimengoja mtu aye kuitukua, mpaka yeo.

#19 MpitaNjia

Mzee kamaliza.

#20 Mfuatilia_Sheria

Mzee, shikamoo. Umegonga pale pale penye tundu. Ule mpango uligawa globu zaidi ya milioni moja kote nchini, na walizoea kueleza ni umeme kiasi gani umeokolewa. Upande wa kuzikusanya zikishakufa ulikuwa mwembamba.

Sheria ya taka ya 2022 imeweka wazo kwamba mtengenezaji au mwingizaji wa bidhaa anabeba dhamana yake mpaka mwisho wa maisha ya bidhaa, si mpaka mlango wa duka. Kwa maandishi ni nzuri. Nairobi kuna WEEE Centre, wanapokea taka za vifaa vya umeme. Kutoka Amu kwenda Nairobi na chupa ya jemu yenye globu moja, hata mimi nisingekwenda.

#21 Bi_Barani, Malindi

Na kinachofanyika kila siku ni kwamba inatupwa jaani na maganda ya ndizi, jaa linachomwa moto jioni, na sisi tunafunga madirisha kwa sababu ya harufu. Zebaki ikichomwa haiungui, inapanda.

#22 Mwalimu_Kemia

Inapanda, kisha inashuka na mvua, inaingia kwenye maji, na vijidudu vya topeni vinaibadilisha iwe ile ya Minamata. Globu moja si kitu. Jaa la mji mzima, miaka kumi na tano, pembeni ya mikoko ambako kamba na samaki wanazaa, hapo mimi sisemi si kitu.

Mzee wa Forodhani, hofu yangu iko hapo, si chumbani kwa mzazi.

#23 Mzee_wa_Forodhani

Hiyo nimeielewa. Ungeanza nayo.

#24 FundiStima_Langoni

Mimi kila wiki nashusha labda globu sita saba zilizokufa. Nilikuwa naziacha kwa mwenye nyumba. Nakubali kuanza kuzibeba. Nizibebe kwenye boksi lake lile lile la mpya ninayoifunga, hazipasuki. Tatizo ni pa kuzipeleka nikishazibeba. Nitakuwa na chumba kizima cha zebaki na mke atanifukuza.

#25 Duka_la_Kona

Lete kwangu. Nina stoo ya nyuma, kavu, ina mlango. Zikikaa nzima ndani ya boksi hazina neno, si ndiyo Mwalimu? Lori linalonishushia mzigo Mokowe linarudi Mombasa tupu. Nitamuuliza dereva. Na nitamuuliza mwenye jumla pia, maana yeye ndiye aliyenibembeleza maboksi manne.

#26 Mwalimu_Kemia

Zikiwa nzima hazina neno. Watoto wasifike na usizipange juu sana. Tyubu ndefu zifungwe pamoja kwa kamba, zisimamishwe kona. Iliyopasuka iingie chupani, kifuniko kikazwe.

#27 Fundi_Mdogo

Swali tu. LED zote sasa ni salama basi? Tununue tu?

#28 FundiStima_Langoni

Hazina zebaki, hilo limekwisha. Mengine yote yapo. LED ya ovyo ukiivua ile kofia yake ya plastiki, vile vitaa vidogo vya njano vinaweza kuwa vimekaa moja kwa moja kwenye 240. Watu wanazitumia bila kofia eti zinatoa mwanga zaidi. Usiiguse, usiipanguse vumbi ikiwa imewaka, ikitoka kofia itupe. Na makuti ni makuti, hayaulizi globu ni ya aina gani.

#29 Kijana_wa_Mkomani, jioni

Jamaa, nimerudi kutoa habari. Nilisafisha mpaka saa 7 usiku. Kadibodi, selotepu nusu roli, kitambaa. Kwenye nyufa za sakafu nilipita mara tatu kama alivyosema Mwalimu. Mlango umebaki wazi tangu jana. Dada na mtoto wazima, mtoto analia kwa sababu za kawaida. Bibi amekubali dada asirudi ndani mpaka kesho, ila yeye bibi amesema udi atafukiza, na mlango atauacha wazi. Tumepatana hapo.

Fundi, nilijaribu lile la jicho la paka. Taa mbili za juu zinang'aa swichi ikiwa imezimwa. Nakutumia ujumbe pembeni.

Chupa ya jemu iko kwenye kidaka cha juu kabisa ukutani, nimeiandikia kwa wino mwekundu ISIFUNGULIWE. Ami anapita anaitazama kama bomu. Duka la Kona, dereva wa lori akijibu nijulishe, nitaivusha mwenyewe mpaka Mokowe.

#30 Duka_la_Kona

Amejibu. Anauliza kama inalipuka.

Nambari nimezituma, aina tano. Tatu ziko sawa. Moja kibali kimeisha. Moja mpaka sasa haijajibiwa. Hizo mbili nimezitoa mezani.